Taulo Zilizotiwa Wanga

Ninyi vijana mnaoosha magari pale Ipuli mmezoea kuniona nikisimama kando ya barabara, na najua mnadhani natafuta lifti. Sitafuti lifti. Natazama matambara yenu.

Juzi mmoja wenu aliangusha taulo mchangani. Akaliokota, akalikung'uta pajani, akaendelea kufuta mlango wa gari jeusi. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo taulo limemaliza kazi leo." Akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo babu. Nimeshalikung'uta." Nikaitikia marahaba, nikaenda zangu. Njiani nikajilaumu. Hakuna kijana anayeacha alilozoea kwa sababu ya sentensi moja ya mzee mpita njia. Mimi mwenyewe niliambiwa sentensi nyingi kuliko hiyo na sikusikia, mpaka siku nilipokaribia kumharibia mwalimu wangu harusi ya binti yake. Ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Mwalimu wangu huyo alikuwa Fundi Mrisho. Wakati ule nchi ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, gereji yake ilikuwa banda la mabati karibu na soko la Tabora. Alinyoosha bodi zilizobonyea na kupaka rangi, lakini sifa yake kubwa ilikuwa kung'arisha. Gari likitoka kwake, mtu aliweza kufungia kilemba mbele ya mlango wake kama mbele ya kioo. Alikuwa mtoto wa mji, Mwislamu wa ukoo wa zamani. Babu yake alibeba mizigo ya nguo kichwani kutoka pwani katika zama za misafara, akafika Unyanyembe, yaani hapa hapa Tabora, miguu ikakataa kurudi. Fundi alipenda kusema kwamba mji huu ulijengwa kwa nguo. Na kila alipotaja merikani, ile nguo nyeupe ya misafara, aliongeza maneno ya babu yake: "Nguo mpya ni wanga mtupu. Ioshe kwanza, ndipo uijue." Wauzaji wa zamani waliijaza wanga ili ionekane nzito; ukiifua mara moja, unabaki na chandarua.

Nilimsikia akiyasema maneno hayo mpaka nikawa namalizia mimi. Kumbe kumalizia maneno ya mtu si kuyaelewa.

Nilikuwa nimemaliza sekondari hapa hapa Tabora. Kazi ya ukarani niliyokuwa nikiitegemea alipewa mwingine, na baba yangu, mkulima wa Kigwa, akaniambia kwamba shamba lake linaweza kumlisha mkulima au mgonjwa, lakini si msomi anayelala. Basi nikapanda treni na daftari zangu, nikaomba kazi kwa Fundi Mrisho. Aliniangalia kaptula yangu ya kaki, iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata papai, akasema, "Utaichafua." Nikasema sijali. Nilikuwa nasema uongo. Niliijali sana.

Siku ya kwanza alinipa vipande vitatu vya nguo na kuniambia nichague kipi kinafaa kufutia gari. Nikavipapasa kwa vidole. "Acha vidole," akasema. "Vidole vyako vimeshika jembe. Fumba jicho, pitisha nguo juu ya kope, polepole. Kope ikilalamika, rangi italia." Nikafanya hivyo. Kipande nilichokuwa nimekipenda kwa weupe wake kilinikwangua kama jani la mahindi. Kilichopita kama pumzi kilikuwa kipande cha kanga iliyochakaa, ambayo hata jina lake lilikuwa limefutika.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo: jicho lenu ndilo la kuchagulia taulo, ila lifumbeni.

La pili ni pindo. Taulo linaweza kuwa laini kama manyoya ya kifaranga, lakini pindo lake limeshonwa kwa uzi mgumu. Likateni pindo, mkate na kile kitambaa kidogo chenye jina la kiwanda. Shati kuukuu ni zuri sana kwa kazi hii, ila ondoeni vifungo vyote. Nasema vyote kwa sababu mimi nilisahau kimoja, cha mkononi, nikafuta nacho mlango wa gari la padri. Ukabaki mstari mwembamba uliopinda vizuri kabisa. Fundi aliinama, akautazama, akaniuliza, "Padri wa watu hafungi Ramadhani. Mwezi umemwandamishia wa nini?" Tuliusugua mwezi ule mpaka jioni.

La tatu ni mahali pa kuanika. Msianike kwenye majani wala ua wa miti. Kuna mmea mnaoufahamu, kishona nguo, ambao mbegu zake zina meno. Mbegu moja tu ikijificha katikati ya taulo, gari zima litapigwa chale. Anikeni kwenye kamba, mbali na barabara.

Na mchanga wetu huu wa Tabora msiuite vumbi. Vumbi hupeperuka, huu husaga. Mwageni maji kwanza mengi, uondoke wenyewe, ndipo mguse rangi. Kunjeni taulo, uso mmoja ukichafuka geuzeni mwingine, na mfute kwa mistari iliyonyooka. Mkifuta kwa kuzungusha, kosa dogo linakuwa utando wa buibui.

Sasa nakuja kwenye gari la Mzee Nassoro.

Mzee Nassoro alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta. Alikua pamoja na Fundi Mrisho, walisoma chuo kimoja cha Kurani, na nta yote tuliyotumia kung'arishia, tuliyoiyeyusha na kuichanganya na tapentaini, ilitoka ghalani kwake. Gari lake lilikuwa jeusi, na weusi ule ulikuwa wa kina, kama kisima. Hakumwazima mtu. Inasemekana hata ndugu yake alipolitaka kwa ajili ya mazishi, alimpa punda.

Lakini Tatu, binti ya Fundi, alipoposwa na kijana wa Kwihara, Fundi alikwenda kumwomba rafiki yake gari la kumpelekea bibi harusi. Nilikuwepo. Mzee Nassoro alizungusha tasbihi.

"Mrisho," akasema, "nakupa kwa kuwa ni Tatu. Njia ya Kwihara ni mchanga mtupu, nalijua hilo, na bado nakupa. Lakini likiharibika rangi mikononi mwako, mimi na wewe tutabaki kusalimiana msikitini tu."

"Halitaharibika," Fundi akasema.

Wengine mtaona hayo ni maneno tu. Kwa Fundi yalikuwa urafiki wa tangu utotoni, na pia wafanyabiashara wote wa mtaa ule, ambao walipeleka magari yao pale alipopeleka Mzee Nassoro. Na juu ya hayo kulikuwa na binti anayengoja kutoka nyumbani kwao kwa heshima.

Gari lilikuja pamoja na furushi la taulo mpya, nyeupe, kutoka kwa Mzee mwenyewe, na ujumbe: msiliguse gari langu kwa matambara yenu. Fundi alilipaka nta mwenyewe, mara tatu, tena nzito, ili mchanga wa Kwihara ukute kitu cha kutafuna kabla ya kufika kwenye rangi. Mafundi wengine walikuwa wakimcheka kwa unene wa nta yake. Walisema anapika uji. Kisha akaitwa nyumbani kwa mambo ya harusi, akaniachia kazi ya mwisho, ya kufuta na kutoa mng'aro. "Zifue kwanza hizo taulo," akasema akiondoka.

Nilitaka zifuliwe vizuri kuliko nguo yoyote iliyopata kufuliwa Tabora. Nikazipeleka kwa dobi Mabruki, aliyekuwa na meza yake ya pasi chini ya baraza ya duka moja jirani.

"Zifue, zipige pasi, na uzitie wanga," nikamwambia.

Mabruki akaacha pasi hewani. "Taulo nizitie wanga? Za nani hizi, za gavana?"

"Tia tu. Kama kaptula ya shule."

"Haya. Dobi haulizwi, na yeye haulizi," akasema, akacheka. "Gavana akijikwaruza, mimi simo."

Msinicheke upesi. Mahali nilipolelewa kuwa msafi, usafi ulikuwa na sauti. Shuleni tulikaguliwa kila asubuhi, na kaptula iliyolegea ilikuwa kaptula chafu hata kama imetoka majini wakati huo huo. Nguo safi ilisimama. Ilisema kwarakwara ukitembea. Sikuweza kufikiri kitu kinachoweza kuwa safi na kulegea kwa pamoja. Taulo zilirudi zimekunjwa kama vitabu, nikazifurahia, na sikuzipitisha kwenye kope. Nikalifuta nazo gari lile kivulini mwa banda, kwa nguvu zangu zote na kwa mapenzi yangu yote.

Asubuhi ya harusi Fundi alikuja amevaa kanzu mpya. Tukalisukuma gari nje. Jua la Oktoba likalipiga boneti, na boneti yote ikaonyesha nywele. Mikwaruzo myembamba, maelfu, kutoka kwenye taa hadi kwenye kioo, na milango vivyo hivyo.

Fundi hakupaza sauti. "Umetumia nini?"

"Taulo alizotuma Mzee."

"Hukuzifua?"

"Nilizifua. Kwa dobi."

Akachukua taulo moja, akafumba jicho, akalipitisha kwenye kope. Jicho likatoa machozi. "Zina wanga."

"Nilimwambia atie."

"Kwa nini, Paulo?"

"Ili ziwe safi."

Akalikunja lile taulo taratibu, ingawa lilikuwa limekwisha kujikunja lenyewe. "Babu yangu alinifundisha hili kabla sijajua kuvaa viatu," akasema. "Na mimi nikaziacha taulo mpya bila kuzitazama kwa kuwa nilikuwa natafuta mchele." Kisha akajipangusa mikono. "Nakwenda kwa Nassoro. Nitamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu."

"Fundi, ngoja kidogo. Pengine..."

"Pengine nini? Msafara ni baada ya alasiri."

Akaondoka na kanzu yake mpya. Nilimwangalia mgongo mpaka akapotea kwenye kona. Hapo nikafanya jambo ambalo ninalijutia kuliko mikwaruzo yenyewe. Nilikimbia mpaka kwa Mabruki, nikamwita mwizi na mharibifu mbele ya wateja wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akachukua kibuyu chake cha wanga, akamimina kidogo kiganjani kwangu. "Sugua," akasema. Nikasugua kwa kidole. Ulikuwa na chembechembe. Wanga wa muhogo, kina mama wa vijijini waliuanika juu ya mawe, na upepo ukautia mchanga.

"Shati halina macho, halioni mchanga huu," akasema Mabruki. "Ndiyo maana miaka yote hakuna aliyelalamika. Ungeniambia ni za gari, ningekufukuza."

Wateja walicheka, na walikuwa na haki. Siku chache baadaye nilirudi kumwomba radhi, nikahakikisha baraza imejaa, kwa sababu tusi la hadharani halifutwi faraghani. Alinipa mkono. "Nimekusamehe," akasema, "lakini kaptula zako peleka kwingine."

Nirudi kwenye siku ile. Nilifika gereji, gari lipo pale pale juani. Kanuni kubwa ya kazi yetu ilikuwa kutoling'arisha gari juani, na mimi nilikuwa nimeliacha likaangwe, kwa kuwa sikuwa na sababu tena ya kulihurumia. Nikaegemea boneti, nikainuka upesi. Ilikuwa ya moto kama chuma cha kuchomea mahindi. Tone la jasho likaanguka juu yake. Kwa mazoea tu, nikatafuta cha kulifutia. Taulo sikutaka hata kuziona. Karibu yangu palikuwa na chakula changu cha mchana, viazi vitamu na karanga alivyopika mama na kunitumia kwa treni kutoka Kigwa, ndani ya kipande cha kanga yake kuukuu. Nikavimwaga viazi juu ya meza ya kazi, nikakikung'uta kitambaa, nikatazama kama kuna ganda la karanga, nikakipitisha kwenye kope. Safari hii nilikumbuka. Nikalifuta tone.

Pale nilipofuta, mikwaruzo ikaondoka.

Nilidhani ni macho yangu. Nikafuta tena, pembeni kidogo, na weusi wa kisima ukatokea, mzima. Sikuelewa. Nilisimama nimeshika kitambaa cha viazi, sithubutu kuendelea, nikasikia fimbo ya Mzee Nassoro ikigonga changarawe. Alikuja mbele, Fundi nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alitazama boneti, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisha fimbo yake ikaelekea kwenye lile doa safi.

"Hapa umefanya nini?"

"Nimefuta jasho, Mzee."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa cha viazi."

Mzee Nassoro akamgeukia Fundi, kama mtu anayetaka kutafsiriwa. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kuinama. Aligusa doa, akagusa pembeni yake, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Chini ya ukucha kukajiviringisha kitu laini, cha manjano. Akakinusa.

"Nassoro," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni nta. Ni nta yako. Jua limeilainisha. Mikwaruzo iko kwenye nta."

"Na rangi?"

"Haijaguswa."

"Hata kidogo?"

"Njoo uone. Ule uji wanaonicheka nao umekula taulo zako zote."

Mzee Nassoro akainama pia, kwa shida, mkono kwenye bega la Fundi. Wakakaa hivyo wawili, vichwa vyao pamoja juu ya boneti, kama walivyokuwa bila shaka wakiinamia ubao mmoja chuoni. Ndipo akavuta pumzi ndefu, akaniambia bila kugeuka, "Marahaba."

Sijui kama mmewahi kuokolewa na jambo ambalo hamkulifanya makusudi. Lakini kazi ilikuwa bado: nta yote ya juu iondolewe kivulini kwa tone la mafuta ya taa, ipakwe nyingine nyembamba, ifutwe, na adhuhuri ilikuwa imefika. Tulihitaji nguo laini nyingi.

"Nitatuma dukani waniletee taulo mpya," akasema Mzee Nassoro.

"Hapana," tukasema mimi na Fundi kwa pamoja.

Wakati huo akatokea Bi Chausiku, dada yake Fundi, kuuliza gari limefika wapi, maana bibi harusi amekwisha kupakwa hina, naye shangazi mtu hana usingizi. Fundi akamweleza. Bi Chausiku akageuka. Baada ya muda mfupi akarudi na wanawake wengine na furushi kubwa: kanga zilizochakaa, na juu yake rundo la winda za watoto, yaani nepi za kitambaa, nyeupe, zilizofuliwa na kuchemshwa mara zisizo na idadi.

Nikapitisha winda moja kwenye kope. Wanangu, sijapata nguo kama ile tangu siku hiyo.

"Gari la harusi kwa winda?" akauliza mwanamke mmoja. "Watu watasemaje?"

"Watasema limebarikiwa," akajibu Bi Chausiku. "Tatu akichelewa kupata mtoto, tutajua kosa si la gari."

Wakacheka mpaka wakashikana. Fundi alikwisha kuvua kanzu. Sote tulimtazama Mzee Nassoro, kwa kuwa gari lilikuwa lake na neno lilikuwa lake. Alilitazama rundo la winda, akalitazama gari lake ambalo hata ndugu yake hakupewa.

"Haya, futeni," akasema. "Mradi lisije likanizalia pikipiki."

Tulifuta. Fundi upande wake, mimi upande wangu, na Mabruki, aliyesikia habari, akaja akachukua mlango wa nyuma bila kuniangalia. Baada ya alasiri gari lilitoka na Tatu ndani, wanawake wakipiga vigelegele, likashika njia ya Kwihara, ile ile waliyoingilia wabeba mizigo na merikani zao vichwani. Mzee Nassoro alikaa mbele kwa dereva. Lilipopinda kwenye kona, jua lilipita juu ya ubavu wake mweusi, na hapakuwa na unywele hata mmoja.

Fundi Mrisho hakwenda nalo. Alisema atafuata kwa baiskeli. Aligeuza debe, akakaa juu yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilingoja anifukuze kazi, na nilikwisha kuamua kutojitetea. Akanyoosha mkono kwenye meza ya kazi, ambako viazi vyangu vilikuwa vimelala bila kitambaa kando ya kopo la nta, akachukua kimoja, akakimega, akanipa nusu.

Akatafuna kwa muda mrefu.

"Mama yako ni mpishi mzuri," akasema. "Lakini kesho vifunge vizuri. Vina ladha ya gari."